Kiisha mizani, kilo zinapotea ndani ya dosie

Ndugu wachimbaji, wamama wa makambi na wa mitaa, hakuna mutu wa Kolwezi ao wa Likasi mwenye anahitaji kufundishwa namna gani kilo inaibiwa. Tunajua mizani yenye inaguswa na muguu. Tunajua metorex, ile makina ya kupima teneur, na tunajua kama jiwe lile lile likipelekwa kwa depo ya pili linaweza kusomewa namba ingine. Juu ya hiyo watu walizoea kusimama karibu na mizani, kuangalia namba, kuandika ndani ya kaye, kubishana. Hiyo ni elimu ya kweli, na tuliilipa bei.

Lakini siku hizi kuko fasi ya tatu, na kule hakuna mutu wetu mwenye anasimama. Kiisha kupimwa, kilo yako inageuka namba. Namba inaingia ndani ya fisie, fisie inawekwa ndani ya dosie ya ordinatere, na mwisho wa mwezi programu moja inapita ndani ya dosie ile, inafungua mafisie moja moja, inajumlisha, njo inatosha feza yako. Kwa mufanyakazi wa kampuni ni vile vile: masaa ya kazi, zamu za usiku, masaa ya kuongeza, yote ni mafisie. Mimi nasema tujifunze kuangalia dosie sawa vile tulijifunza kuangalia mizani. Na hiyo si kazi ya mafundi wa informatiki peke yao.

Wazee wenye walitumika Union Minière, kiisha Gécamines, wanakumbuka pointeur. Asubuhi, mbele ya kazi kuanza, anasimama na liste yake, anaita jina, unajibu, anaweka alama, anaita jina ingine, mpaka chini ya karatasi. Programu yenye kupita ndani ya dosie inafanya kazi ile ile. Inaomba ordinatere liste ya majina ya mafisie, inachukua ya kwanza, inafungua, inasoma, inafunga, inachukua ya pili, mpaka liste inaisha. Mafundi wanaita hiyo « boucle », maana inazunguka. Ndani ya Python, luga yenye Guido van Rossum wa Uholanzi alitosha mwaka 1991, inaandikwa kwa mistari mitatu:

import os
for jina in os.listdir("mizani"):
    soma(jina)

« Mizani » ni jina la dosie. « Soma » ni kazi yenye fundi mwenyewe aliandika pembeni: kufungua fisie na kuchukua kilo. Njo vile tu. Mistari mitatu, na mushahara wa kambi nzima unaweza kupita mule.

(Wenye kujua watasema: ile listdir inatoa paka jina la fisie, haitoi njia ya kufika kwake, na fundi anapaswa kuiunganisha. Ni kweli. Lakini hiyo ni kosa ya bahati, maana inaonekana palepale: programu inakataa kutembea. Makosa mabaya ni yenye inanyamaza.)

Kati ya pointeur na programu kuko tofauti moja, na ni kubwa. Pointeur akiruka jina lako, unapiga kelele: « Na mimi? » Fisie haina kinywa. Ikirukwa, inabaki yenye kulala ndani ya dosie, na namba ya chini ya karatasi inatoka safi, na franka na santimu, sawa vile hakuna kitu kilikosa.

Mama moja wa mtaa wetu, bwana yake alikuwa anatumika zamu ya usiku kwa « sous-traitant » moja yenye sitataja. Kila asubuhi bwana akirudi, mama alikuwa anaandika ndani ya kaye ya mutoto: siku, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Mwisho wa mwezi, fishi ya mushahara ikaonyesha siku 11. Kaye ilikuwa na siku 19. Akaenda kwa biro, na karani akamujibu kwa heshima kabisa: « Mama, makina haikosake. » Akarudia mara tatu. Ni kijana moja wa stage, mutoto wa watu, njo alifungua dosie na kuona kitu chenye kilifanyika. Karani wa usiku, juu ya kupanga kazi yake vizuri, alifungua dosie kidogo ndani ya dosie kubwa, akaiita « usiku », akaanza kuweka mafisie yake mule toka tarehe 12. Programu ilipita ndani ya dosie kubwa, ikaona jina « usiku », ikaona kama haiko fisie ya kusoma, ikapita. Haikuingia. Hakuna mutu aliiambia iingie.

Karani hakudanganya, na hakuiba. Makina pia haikukosa, kwa namna yake: ilifanya ile iliambiwa. Lakini bwana wa yule mama alikosa siku nane, na wenzake wote wa usiku pamoja naye, na asingekuwa na kaye ya mutoto, ile feza ingepotea bila mwizi. Ile njo inaniuma. Mwizi unaweza kumukamata.

Ndani ya Python kuko amri ingine, os.walk, yenye inashuka ndani ya kila dosie kidogo, na ndani ya zenye ziko chini yake, sawa mutu anashuka galeri kwa galeri. Fundi anapaswa kuchagua: kubaki juu ao kushuka. Hakuna chaguo lenye ni nzuri siku zote. Kosa ni kuchagua bila kumuambia karani, na karani kupanga upya bila kumuambia fundi.

Mitego ingine iko mingi, na nitaitaja mbio. Fundi anasema: chukua paka mafisie yenye jina linaisha na .csv. Mashine ya carrière ya pili inaandika .CSV, kwa herufi kubwa. Programu ile ile, na alama ile ile *.csv, juu ya Windows itakamata zote mbili, juu ya Linux itaacha ya pili. Kampuni inabadilisha ordinatere, na carrière nzima inatoka ndani ya hesabu. Ao karani anapakua fisie mara mbili, ya pili inapata jina lenye (1) nyuma, na kilo za siku ile zinahesabiwa mara mbili. Pale kampuni njo inapoteza, na niwaambie, kampuni ikipoteza inaona haraka sana. Ao fisie mpya inaingia wakati programu iko katikati ya kazi: maandishi ya Python yenyewe yanasema wazi kama hakuna hakikisho fisie ile itaonekana ndani ya liste.

Mtego wenye ninachukia kupita yote ni huu. Karani anaacha fisie ya Excel wazi, anaenda kula. Wakati iko wazi, Excel inatengeneza pembeni fisie kadogo ya kujificha, jina lake linaanza na ~$. Programu yenye inakamata kila kitu chenye kuisha na .xlsx inakamata na ile, inajaribu kuisoma, haiwezi, inaanguka. Ikianguka ni vizuri! Mutu anakuja, anatazama, anatengeneza. Lakini kijana fundi, amechoka, mukubwa anamupigia simu kila saa, anaandika mistari miwili yenye kila mutu wa Python anajua: try, kiisha except na pass. Maana yake: jaribu, ukishindwa, pita, usiseme kitu. Toka siku ile programu haianguke tena. Kila mutu anafurahi. Na siku fisie ya kweli, yenye masaa yako, itakuwa imeharibika kidogo, na koma moja fasi yenye haiko yake, programu itashindwa kuisoma, itapita, haitasema kitu.

Mimi nasema kwa vijana wetu wenye wanasoma informatiki, na wengi wao karo yao inatoka kwa mawe: yule « pass » ndani ya hesabu ya mushahara ni sawa mulinzi wa shimo mwenye anaona kamba inakatika na ananyamaza juu asiwasumbue wakubwa. Andika jina la fisie yenye ilishindikana. Andika sababu. Mistari miwili tu, na mutu fulani atakula.

Wengine watafikiri haya ni mambo ya makarani wadogo wa kwetu, kule Ulaya na Marekani hayafanyike. Basi sikieni. Mwaka 2014, wanakemia wa chuo kikuu cha Minnesota, kule Marekani, walitosha ndani ya gazeti la Nature Protocols namna ya kuhesabu umbo la molekile, pamoja na programu za Python zenye kupita ndani ya dosie ya mafisie ya hesabu. Wanakemia wengi walizitumia. Miaka mitano kiisha, mwaka 2019, kikundi cha Philip Williams cha chuo kikuu cha Hawaii kilikuwa kinachunguza kitu chenye kilitoka kwa vijidudu vya maji, wakaona jambo la ajabu: mafisie yale yale, programu ile ile, lakini kila ordinatere inatoa jibu yake. Juu ya Windows 10 jibu ilikuwa sawa. Juu ya Linux moja, Ubuntu 16, jibu ilikosa.

Sababu? Utaratibu wa liste. Programu ilihitaji mafisie ya namna mbili, kila molekile na fisie zake mbili, na iliamini kama liste zitatoka kwa utaratibu mumoja, ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Lakini Python haijaahidi utaratibu hata siku moja. Imeandikwa ndani ya maelezo yake: liste inatoka ovyo, vile mashine inapenda. Kwa mashine fulani ilitoka vizuri kwa bahati, na wenye kuandika walifikiri bahati ni sheria. Dawa ilikuwa kupanga liste kwanza. Kama wenye diploma kubwa sana, ndani ya gazeti lenye kukaguliwa, walikaa miaka mitano na kosa ile bila kuiona, karani wa depo atasema namna gani « makina haikosake »?

Na hii inatugusa karibu kupita vile mutu anafikiri. Ndani ya depo, uzito unatoka kwa mizani, teneur inatoka kwa metorex. Ni makina mbili, na mara nyingi ni mafisie mbili. Tuseme gunia zako ziko na kilo 400 na teneur 3, na za jirani yako ni kilo 150 na teneur 1. Programu ikisoma mafisie ya mizani kwa utaratibu mumoja, na ya metorex kwa utaratibu mwingine, kilo zako 400 zinaolewa na teneur ya jirani. Sasa angalia ubaya wake: jumla ya kilo za depo inabaki sawa. Jumla ya gunia inabaki sawa. Mukubwa anatazama chini ya karatasi, tani ni zile zile, anatia saini. Paka wewe njo unajua kama kuko kitu, na ukisema, watu watasema unapenda fujo.

Hata kupanga kwenyewe kunaomba akili. Ordinatere inapanga majina sawa herufi, si sawa namba: « gunia10 » inakuja mbele ya « gunia2 », maana 1 iko mbele ya 2. Juu ya hiyo wenye kujua wanaandika 02 na 10, na tarehe wanaanza na mwaka: 2024-03-07. Na kwa hesabu ya depo, dawa ya kweli haiko kupanga peke yake. Dawa ni kuandika numero ya gunia ndani ya fisie zote mbili, na programu iunganishe numero na numero. Utaratibu wa liste hautakuwa na kazi tena.

Nimesikia watu wakisema: basi turudie buku, ordinatere ni ya kutuibia. Hapana. Buku tuliijua. Ukurasa ulipasuka, maji ya mvua yaliingia, na pointeur alikuwa na ndugu zake. Programu yenye kuandikwa vizuri inapita ndani ya mafisie elfu tatu na haichoke kwa fisie ya mwisho, haiangalie kabila, haiombe sukari. Mimi niko upande wa ordinatere. Nakataa paka lile neno « haikosake », maana mutu akilisema, mlango umefungwa na wewe uko inje.

Wakubwa nao watasema: programu ni siri ya kampuni. Sawa, ibaki siri. Hakuna mutu anaomba kusoma programu. Tunaomba namba tatu chini ya kila hesabu: mafisie ngapi yalikuwa ndani ya dosie, ngapi yalisomwa, ngapi yaliachwa. Na kama kuko yenye kuachwa, majina yake na sababu. Fundi anaandika hiyo kwa robo saa. Code du travail ya mwaka 2002 inaomba mwajiri apatie mufanyakazi maandishi ya hesabu ya mushahara wake. Basi hesabu yenye haionyeshe kitu gani kiliachwa inje ni hesabu ya nusu. Delege wa sindika wanakuja kila mara na maneno ya asilimia na ya usafiri, na ni vizuri. Waongeze na hii ndani ya kaye yao ya madai. Bei yake kwa kampuni ni ndogo kupita bei ya bisi moja.

Kwa kooperative ni rahisi zaidi, maana kule tuko sisi kwa sisi, ao tungepaswa kuwa. Jioni, wakati gari ya mwisho imetoka, mutu moja wa wachimbaji na mutu moja wa biro wahesabu pamoja: bileti za mizani ngapi mukononi, mafisie ngapi ndani ya dosie. Namba zikipita mbali, hakuna kulala mbele ya kuona sababu. Kesho yake ni kuchelewa. Mwisho wa mwezi hakuna mwenye anakumbuka tena gari gani ilipita.

Na mwezi huu, mbele ya kutia saini fishi yako, kuko kitu unaweza kuomba bila kuwa fundi. Mwambie karani, kwa upole: « Papa, naomba unionyeshe ile dosie. » Kama ni Windows, asimame juu ya dosie, afinye souris upande wa kuume, achague « Propriétés ». Itaonyesha mafisie ngapi iko ndani, na dosie kidogo ngapi, pamoja na zile za ndani kabisa. Andika ile namba ndani ya kaye. Kama mwezi ulikuwa na siku 31 na zamu mbili kila siku, fisie moja kwa kila zamu, unatafuta 62. Ikiwa 62 na hesabu yako bado haitoshe, mwulize programu ilisoma ngapi. Ikiwa 50, usiondoke bado. Omba kiti.